Kuku, Kamba ya Nguo na Wageni: Unachoruhusiwa Kufanya Nyumbani Kwako Marekani

Maswali ya wasomaji waliohamia Marekani hufanana, awe muulizaji yuko Houston, Columbus au Portland. Naweza kufuga kuku uani? Kwa nini nimeambiwa nishushe kamba ya nguo? Nikikaanga sambusa nikauza kwa majirani, nitashtakiwa? Mama akija na wadogo zangu wawili, mwenye nyumba anaweza kututoa?

Wengi huuliza mambo haya harusini au nje ya msikiti na kanisa, wakapewa jibu la uhakika na mtu anayeishi jimbo jingine. Hapo ndipo matatizo huanzia. Marekani ina majimbo 50, kila jimbo lina bunge lake, na chini ya jimbo kuna kaunti na miji yenye kanuni zake. Jambo ambalo ni haki yako upande huu wa barabara laweza kuwa kosa upande wa pili, kama barabara hiyo ndiyo mpaka wa mji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama jambo linaruhusiwa, uliza kwanza nani mwenye kauli juu yake pale unapoishi.

## Ngazi tano za kuzijua

Karibu kila jambo la nyumbani hupita mikononi mwa hawa:

1. Serikali ya shirikisho, yaani ya Washington, D.C. Haijishughulishi sana na ua wako, lakini ina kauli kubwa juu ya dawa za kulevya, pombe kali, ubaguzi katika makazi na uhamiaji.
2. Jimbo. Hili ndilo linaloweza kuukataza mji usikunyime haki fulani, au kukukataza wewe hata kama mji haujali.
3. Mji au kaunti. Hapa ndipo penye kanuni za mifugo, urefu wa nyasi, uzio, kelele, magari mabovu na biashara za nyumbani.
4. Chama cha wenye nyumba, ambacho kila mtu hukiita HOA. Ukinunua nyumba kwenye mtaa wenye HOA, umekubali kanuni zake hata kama hukuzisoma.
5. Mkataba wa kupanga. Kama umepanga, karatasi uliyotia saini inaweza kukukataza mengi ambayo sheria imeyaacha.

Ruhusa ya ngazi moja haifuti katazo la nyingine. Mji ukikuruhusu kufuga kuku wanne na HOA ikakataza, huna kuku. Njia ya kuikwepa HOA au mkataba ni moja tu: jimbo au serikali ya shirikisho iwe imetunga sheria inayosema katazo la namna hiyo halina nguvu. Sheria hizo zipo, na baadhi tutazitaja.

## Kabla hujaanza jambo lolote

Fuata mpangilio huu. Ukitulia, unaweza kuumaliza kwa siku chache.

- Soma mkataba wako wa kupanga au kitabu cha kanuni za HOA. Tafuta sehemu za wageni, wanyama, biashara, maegesho na mabadiliko ya nje ya nyumba. Kama Kiingereza kinakusumbua, mtafute mtu mzima wa kukusomea. Usimtwishe mtoto wa shule kazi hiyo.
- Jua kama uko ndani ya mipaka ya mji. Anwani ya posta inaweza kutaja mji wakati nyumba yako iko kwenye eneo la kaunti lisilo chini ya mji wowote. Kanuni zitakazokuhusu ni za kaunti.
- Piga simu ofisi ya mipango miji. Miji mikubwa mingi hutumia namba 311. Sema *Swahili interpreter, please*, kisha subiri kwenye laini. Ofisi nyingi za umma zina huduma ya wakalimani kwa simu, nayo hailipiwi.
- Omba jibu kwa maandishi. Barua pepe fupi inatosha. Maneno ya simuni hayatakusaidia mbele ya mkaguzi.
- Uliza bei ya kibali na muda wake. Vibali vingi huisha kila mwaka, na watu hupigwa faini kwa kusahau kuhuisha.

## Nguo kwenye kamba

Kwa mtu aliyekulia Tanga au Bukavu, kuanika nguo juani ni jambo lisilohitaji ruhusa. Kwa HOA nyingi, kamba ya nguo inaharibu sura ya mtaa na kushusha bei ya nyumba. Hata hivyo, baadhi ya majimbo yameingilia kati. Florida, Colorado, Maine, Vermont, Maryland na Hawaii zina sheria zinazolinda uanikaji wa nguo dhidi ya makatazo ya HOA. California ilifuata kwa sheria ya 2015 iliyowapa haki hiyo hata wapangaji.

Tahadhari: sheria hizi haziondoi kila sharti. HOA bado inaweza kukutaka uanike uani badala ya mbele ya nyumba. Sheria ya California inazungumzia eneo ambalo mpangaji anatumia peke yake, na mpangaji hupaswa kupata kwanza idhini ya mwenye nyumba juu ya aina ya kamba. Eneo linalotumiwa na jengo zima halimo.

Kama jimbo lako halina sheria hiyo, tumia kianikio cha kukunja ndani ya kibaraza kilichozibwa. Ni mara chache mtu akalalamikia asichokiona.

## Mchicha mbele ya nyumba, na maji ya mvua

Huko Miami Shores, Florida, Hermine Ricketts na mumewe Tom Carroll walilima mboga mbele ya nyumba yao kwa miaka 17. Mwaka 2013 mji ukapiga marufuku bustani za mboga upande wa mbele, na faini ikawa dola 50 kwa siku. Waling'oa mboga, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Bunge la Florida likageuza mambo mwaka 2019: sasa miji ya jimbo hilo haiwezi kukataza bustani ya mboga kwenye kiwanja cha makazi. Illinois nayo ina sheria ya kulinda bustani iliyoanza kutumika Januari 2022.

Lakini angalia neno *miji*. Sheria ya Florida inaifunga mikono serikali ya mji. Haikukingi wewe dhidi ya HOA yako. Watu husoma kichwa cha habari, wakapanda kisamvu, wakashangaa kupokea barua.

Mpangaji wa California ana haki ya kupanda chakula kwenye vyombo vya kuhamishika uani kwake, kwa masharti kadhaa, chini ya sheria ya 2014. Kwingineko muombe mwenye nyumba, na ahadi yake aiweke kwenye maandishi.

Kuhusu kukinga maji ya mvua, tofauti ni kubwa pia:

- Colorado: tangu 2016 nyumba inaruhusiwa mapipa mawili, jumla yasizidi galoni 110, na maji ni ya kumwagilia nje tu.
- Utah: matenki mawili ya hadi galoni 100 kila moja hayahitaji kusajiliwa. Ukisajili, unaweza kuhifadhi hadi galoni 2,500.
- Texas: HOA haiwezi kukukataza moja kwa moja kuweka pipa, ingawa inaweza kupanga likae wapi na liweje.

## Kuku na mbuzi

Ufugaji wa kuku huamuliwa zaidi na mji. Seattle inaruhusu hadi kuku wanane kwenye kiwanja cha kawaida. New York inaruhusu majike. Miji yote miwili imekataza jogoo, na miji mingi ya Marekani iko hivyo hivyo. Basi ukinunua vifaranga, uliza kama wamechaguliwa majike, maana jogoo atakayewika saa kumi na moja alfajiri ndiye atakayemleta mkaguzi. Uliza pia banda liwe futi ngapi kutoka mpaka wa jirani.

Uchinjaji unaulizwa sana karibu na Idi na sherehe za harusi. Sheria ya shirikisho ya 1958 inautambua uchinjaji wa kidini kuwa njia halali na ya kibinadamu. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Hialeah, ilisema mji hauwezi kutunga kanuni zinazolenga ibada ya watu fulani. Hiyo haina maana kwamba unaweza kuchinja bafuni kwenye ghorofa ya tatu. Kanuni ya mji inayokataza uchinjaji kwa watu wote, taka za nyama, au kuingiza mifugo kwenye makazi, inakuhusu.

Njia salama ni hii: tafuta shamba au machinjio yanayopokea wateja wa halali, chagua mbuzi, lipa, chinja huko au uchinjiwe, rudi na nyama. Weka nafasi mapema, maana siku ya Idi foleni huwa ndefu. Nyama hiyo ni ya familia na wageni wako. Kuiuza hata kilo moja ni jambo jingine kabisa, linalohitaji ukaguzi.

## Mama, wajomba na watoto wa dada: watu wangapi nyumba moja?

Hili ndilo swali linalowanyima watu usingizi. Tenganisha mambo mawili.

Undugu. Mji wa East Cleveland, Ohio, ulimshtaki bibi mmoja, Inez Moore, kwa kuishi na mwanawe na wajukuu wawili ambao ni watoto wa ndugu. Mmoja wa wajukuu hao alihamia kwake baada ya kufiwa na mama. Kanuni ya mji haikumhesabu mjukuu huyo kuwa familia, na bibi akahukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu hiyo: mji hauwezi kuikata familia ya bibi na wajukuu vipande namna hiyo. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ndugu zako "si familia".

Kwa watu wasio na undugu, mahakama hiyo hiyo iliruhusu mwaka 1974 miji kuweka kikomo cha idadi yao. Majimbo kadhaa sasa yameondoa uwezo huo wa miji: Iowa mwaka 2017, Oregon na Washington mwaka 2021, na Colorado mwaka 2024. Kama unaishi na wenzako watano mliotoka kambi moja ya wakimbizi, jimbo mlilopo lina maana kubwa.

Nafasi. Hata ndugu wa damu hawawezi kujazana bila kikomo. Wizara ya makazi ya shirikisho huchukulia watu wawili kwa kila chumba cha kulala kuwa kipimo cha kawaida, ingawa ukubwa wa vyumba na umri wa watoto huangaliwa. Texas inamruhusu mwenye nyumba kupokea hadi watu wazima watatu kwa kila chumba cha kulala. Sheria ya shirikisho pia, tangu 1988, inakataza kwa nyumba nyingi kumnyima mtu makazi kwa sababu ana watoto.

Cha kufanya kabla mgeni hajafika:

- Angalia mkataba unasema mgeni akae siku ngapi kabla hajahesabiwa kuwa mkazi.
- Akiwa atakaa zaidi, omba jina lake liongezwe. Kumficha ni kuvunja mkataba, na hilo ndilo linalowatoa watu nje.
- Kama nyumba yako inalipiwa sehemu ya kodi na serikali, toa taarifa kwa ofisi husika kabla hajahamia. Ukikaa kimya unaweza kupoteza msaada wote.
- Kama nyumba ni yako, uliza juu ya nyumba ndogo ya uani. California inaitaka miji kuamua maombi mengi ya nyumba hizo ndani ya siku 60, na Washington ilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuilazimisha miji mingi ikubali hadi mbili kwa kiwanja.

## Kupika na kuuza

Majimbo yote 50 sasa yana njia ya kuuza baadhi ya vyakula vilivyopikwa nyumbani. New Jersey ndiyo iliyojiunga ya mwisho, mwaka 2021. Kanuni ya jumla ni kwamba chakula kisichohitaji friji huruhusiwa kwa urahisi: mikate, visheti, kashata, biskuti. Chenye nyama karibu kila mahali kina masharti makali. Ndiyo maana sambusa za nyama humtia mtu matatani wakati kashata za jirani yake hazina neno.

Texas ilipanua sheria yake Septemba 2025: mapato yanaweza kufika dola 150,000 kwa mwaka, na vyakula vingi zaidi vimeingia, lakini nyama, kuku na samaki vimebaki nje. California ina utaratibu wa jiko la nyumbani linalouza milo kamili, ila kila kaunti huamua kama itautumia. Riverside ilikuwa ya kwanza.

Lebo ndiyo inayowaangusha wengi. Chukua mfuko wa visheti. Kwa kawaida utatakiwa kuandika jina la bidhaa, jina na anwani yako au namba ya usajili, viungo vyote kuanzia kilicho kingi, na maneno ya kwamba chakula kimepikwa kwenye jiko lisilokaguliwa. Kisha vitaje vinavyodhuru watu wenye mzio: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, jamii ya korosho na lozi, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa mwaka 2023. Kusema "kila mtu anajua visheti vina ngano" hakutakuokoa.

Wanaolea watoto wa wengine nyumbani nao huhitaji leseni mara idadi inapozidi kiwango cha jimbo. California ni rafiki hapa: mwenye nyumba hawezi kumkataza mpangaji mwenye leseni, mradi mpangaji atoe taarifa ya siku 30.

## Mambo matatu yasiyo na mchezo

Mirungi. Kenya, ambako huitwa miraa, ni zao la biashara. Marekani, kiini cha majani mabichi yake kimo kwenye orodha kali kabisa ya dawa za kulevya ya shirikisho tangu 1993. Hakuna jimbo linaloweza kukukinga. Usitumiwe kifurushi, usimpokelee rafiki.

Bangi. Majimbo mengi yameihalalisha kwa watu wazima, lakini sheria ya shirikisho haijaihalalisha kwa starehe. Kama wewe si raia, usiguse, usipande, usifanye kazi dukani kwake. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilieleza wazi kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kukukosesha uraia hata pale jimbo linapoiruhusu. Mtu wa Colorado anaweza kupanda miche sita nyumbani. Jimbo la Washington, lililohalalisha bangi mwaka 2012 sawa na Colorado, halikuwapa watumiaji wa starehe ruhusa ya kupanda hata mmoja. Na mara nyingi mwenye nyumba anaweza kuikataza.

Pombe. Bia na mvinyo wa nyumbani kwa matumizi ya familia unaruhusiwa na sheria ya shirikisho: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Usiuze. Kutonesha gongo au chang'aa ni kosa la jinai lenye kifungo, na kesi za kuipinga sheria hiyo zisikutie moyo wa kujaribu.

## Barua ya onyo ikifika

Huko Dunedin, Florida, mwenye nyumba mmoja alisafiri mwaka 2018 kushughulikia mirathi ya mama yake. Nyasi zikarefuka. Faini ya dola 500 kwa siku ilijilimbikiza hadi karibu dola 30,000, na mji ukataka kuichukua nyumba. Mahakama ya rufaa iliona faini hiyo haikiuki katiba. Barua ya nyasi si ya kutupwa kwenye droo.

1. Tazama tarehe ya mwisho, izungushie kalamu.
2. Mpigie mkaguzi aliyeandikwa, siku hiyo hiyo. Wengi huongeza muda wakiombwa kwa adabu.
3. Rekebisha, piga picha zenye tarehe, zitume kwa barua pepe.
4. Omba uthibitisho kwamba jalada limefungwa. Usipoupata, faini inaweza kuwa inaendelea kuhesabiwa.
5. Kama hukubaliani, omba kusikilizwa. Texas, kwa mfano, inaitaka HOA ikupe taarifa na nafasi ya kurekebisha au kusikilizwa, na haiwezi kuiuza nyumba yako kwa deni la faini peke yake. Michango ya mwezi ni habari nyingine: hiyo lipa, hata ukiwa na ugomvi nao.

## "Lakini jirani yangu anafanya"

Pingamizi tatu hurudi kila mara.

- *"Jirani ana kuku na hajaguswa."* Miji mingi husubiri malalamiko. Yeye bado hajalalamikiwa.
- *"Nyumba ni yangu, nimelipa."* Umelipia nyumba pamoja na masharti yaliyosajiliwa juu ya kiwanja chake. Omba kitabu cha HOA kabla ya kutia saini.
- *"Nikiuliza, nitajiletea macho."* Huhitaji kutaja anwani ukiuliza kanuni. Uliza tu, "Mji huu unaruhusu kuku wangapi?"

Ukitishiwa kutolewa au kushtakiwa, nenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria ya eneo lako kabla ya tarehe ya mahakama. Wenye kipato kidogo hawalipi. Usiuamini ujumbe wa WhatsApp, hata makala hii, kuliko kanuni ya mji wako ya leo, kwa sababu mabunge ya majimbo hubadili mambo haya karibu kila mwaka. Jioni hii toa mkataba wako kabatini, usome ukurasa wa wageni na wa wanyama, na kesho piga simu moja. Simu hiyo ni bure. Faini hupimwa kwa siku.